Bernadeta Kunda Musenge, Mkunga Aliyewafanya Wachina na Wamarekani Kuwa Watani

Ndugu waombolezaji, wazee wa Musofi, majirani wa ng'ambo zote mbili, na nyinyi watani mnaosukumana hapo mbele: naitwa Kapambwe, ni mwalimu wa shule. Marehemu alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Familia imeniomba nisome bila kulia. Nitajaribu, lakini sikuwaahidi.

Marehemu Bernadeta Kunda Musenge, ambaye wengi wenu mlimwita Bana Nsofwa, yaani Mama Nsofwa, kwa jina la mwanawe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika kijiji cha Mwalupanga, wilaya ya Mpika. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Musenge, mfua vyuma, na Bibi Ngosa. Mtoto wa pili alikuwa mama yangu, Mwenya. Walikuwa wawili tu, na walipendana mpaka watu wakawaona wa ajabu.

Alianza shule ya misheni mwaka 1959. Akiwa darasa la sita alifika darasani saa nne, mikono ya gauni imeloa damu. Sista alikuwa ameshashika fimbo.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Mbuzi wetu alikuwa anazaa, Sista. Mtoto alikaa vibaya, nikamgeuza."

"Amepona?"

"Wamepona, Sista. Ni mapacha."

Sista aliweka fimbo chini, akamwambia akanawe. Mwaka 1972 marehemu alihitimu ukunga, akapangiwa zahanati moja ya kando ya barabara kuu. Siku zile Wachina walikuwa wakitandika reli na Wamarekani wakisaidia kutengeneza barabara. Walipishana kila siku kwenye vumbi lilelile bila kusalimiana, lakini malaria ilipowashika walilala vitanda vya jirani, na yeye ndiye aliyewachoma sindano wote.

Tarehe 23 Novemba 1974 alifunga ndoa na Bwana Zakeyo Jere, Mngoni kutoka Chipata, aliyekuwa akijifunza udereva wa treni. Sisi Wabemba na Wangoni ni watani, hilo mnalijua. Siku ya harusi wajomba wa bwana harusi walitia panya wa kuchoma, kitoweo cha kwao, kwenye sahani ya baba mkwe, na baba mkwe akawauliza kama mkia huliwa kwanza au mwisho. Ndoa yao ilidumu miaka thelathini na mitano, hadi Bwana Jere alipofariki mwaka 2009. Sikuwahi kuwasikia wakigombana kwa hasira, ila kutukanana kwa utani kulianza na chai ya asubuhi.

Mwaka 1978 marehemu alihamishiwa hapa Musofi. Zahanati iko upande huu wa mto, na vijiji saba viko upande ule. Wakati wa mvua mto hujaa, na enzi hizo mjamzito alivuka kwa kubebwa mabegani au hakuvuka kabisa. Tarehe 6 Februari 1989 mwanamke mmoja alishikwa na uchungu wakati wanaume wanne wakimvusha. Alijifungulia kwenye tope la ukingo, damu ikakataa kusimama, na marehemu alipofika mbio alimkuta mtoto anapumua na mama amekata roho. Mwanamke huyo alikuwa mdogo wake, Mwenya, aliyekuwa akiishi ng'ambo. Mtoto ni mimi.

Kuanzia mwaka ule aliandika barua za kuomba daraja. Aliwaandikia wakuu wa wilaya, wabunge, maaskofu, na mara moja kampuni ya bia. Alistaafu mwaka 2011 baada ya kuzalisha watoto ambao hata yeye aliacha kuwahesabu, lakini hakustaafu barua. Nilipokuwa sekondari nilimwambia achoke kidogo. Alinituma kununua bahasha.

Mwaka 2020 Mungu alijibu mara mbili kwa mpigo, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Shirika moja la Wamarekani, likiongozwa hapa na Bwana Whitcomb, lilikubali kutujengea wodi ya wazazi. Kampuni moja ya barabara ya Wachina, chini ya meneja wake Bwana Shen, ilikubali kutujengea daraja, kwa kuwa ilikuwa inachota mchanga wetu mtoni. Tulicheza ngoma siku mbili. Kisha Wamarekani wakasema hawawezi kujenga wodi ambayo watu wake watapita juu ya daraja la Wachina, mpaka mhandisi wao alikague. Wachina wakasema kukaguliwa na Mmarekani ni matusi. Redio nazo zilikuwa zinatangaza kila jioni jinsi mataifa yao yanavyotozana ushuru na kutishana baharini. Mwaka mzima ukapita. Tulichopata ni vibao viwili vikubwa vya matangazo, kimoja kila ukingo, vinatazamana kama majogoo, na katikati yake wanawake wanavuka kwa miguu.

Bana Nsofwa aliwaendea wote wawili kwa heshima, akarudi mikono mitupu. Nilimkuta jikoni anatwanga karanga ambazo zilishakuwa unga.

"Hawa hawachukiani," aliniambia. "Wanaogopana. Na anayeogopa hataniwi wala hatanii. Shida yao ni hiyo tu."

Januari 2022 alifariki Mzee Chipasha, mlinzi wa saruji na mabati ya Wamarekani. Nyumbani kwake ni ng'ambo, kwa hiyo alipaswa kuzikwa ng'ambo, na mto ulikuwa umejaa. Kwa desturi yetu watani ndio huchimba kaburi na kubeba jeneza, na hapa Wangoni walikuwa wamebaki wachache na wazee. Bana Nsofwa alivaa kitenge chake cha msibani, akaenda moja kwa moja kambini kwa Wachina. Mimi nilimfuata.

"Bwana Shen, mlinzi wa watani wako amefariki."

Bwana Shen ameishi kwetu miaka mingi na anaongea kama sisi. "Watani wangu kina nani, mama?"

"Wamarekani. Nyinyi ni watani wao, mlikuwa hamjui tu."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Na mtani asipokwenda msibani, hapa kwetu hana uso tena."

"Mtani anafanya nini msibani?"

"Anachimba. Anabeba. Halafu anawatukana wenye msiba, na marehemu mwenyewe, na hakuna ruhusa ya kukasirika."

Bwana Shen aliweka kikombe chake mezani. "Yule Whitcomb hawezi kukasirika? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alikuja na vijana sita na majembe. Bwana Whitcomb alikuwa ameshafika, na Bana Nsofwa alimweleza sheria hiyo hiyo papo hapo. Akawapanga mbele ya jeneza, mmoja kulia na mmoja kushoto. Maji yalifika vifuani. Katikati ya mto Mmarekani aliteleza akapotea mpaka kofia, na Mchina akamdaka mkanda wa suruali bila kuachia jeneza.

"Simama, wewe!" Bwana Shen alipiga kelele. "Ukizama watasema nimekuua mimi!"

"Daraja lako liko wapi?" Bwana Whitcomb alijibu huku akitema maji.

"Linangoja sahihi yako! Mkono unao au ulikuja na kalamu tu?"

"Na wewe unaogopa futi kamba yangu? Lina nini hilo daraja, ni la ugali?"

Watu walicheka kwenye kingo zote mbili, huku wakilia. Bana Nsofwa alikuwa amesimama majini hadi magotini, anawachochea: "Semaneni! Semaneni, leo ruhusa!"

Kaburini Bwana Shen aliomba nafasi. Alikuwa ameelewa kwamba mtani lazima amtukane marehemu, na kwa kuogopa kukosea desturi alikuwa ameandika tusi lake kwenye kiganja. Lilikuwa limefutika na maji, ikabidi alitoe kichwani. "Mzee huyu alilinda mali ya Wamarekani miaka miwili. Kila nilipopita alikuwa amelala. Leo ndiyo mara ya kwanza analala kwa ruhusa." Mjane wa Mzee Chipasha alicheka hadi akashikiliwa. Bwana Whitcomb alikaa chini kwenye udongo, akaficha uso kwa kofia iliyolowa, mabega yanatikisika.

Wakati wa kurudi Bana Nsofwa aliwasimamisha kwenye ukingo. Hakuwatania tena. Aliwaonyesha kwa kidole. "Hapa ndipo mdogo wangu alipofia. Mtoto wake ni huyu, amewashikia viatu." Wote wawili walinitazama, kisha wakapokea viatu vyao. Wiki iliyofuata Bwana Whitcomb aliwaandikia wakubwa zake barua ndefu, na Bwana Shen akawapigia wa kwake simu iliyosikika hadi sokoni. Machi ilipoingia, mhandisi wa Kimarekani alikuja kupima mahali pa daraja, na aliyeshika ncha ya pili ya futi kamba alikuwa Bwana Shen mwenyewe. Walibishana kila hatua. Nguzo zikaongezwa mbili, na kila mmoja mpaka leo anadai wazo lilikuwa lake.

Daraja na wodi vilifunguliwa siku moja, Jumamosi tarehe 15 Oktoba 2022. Vibao viling'olewa, na mabati yake ndiyo paa la banda la kuku wa zahanati. Daraja linaitwa Mwenya. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa Musofi aliyejifungulia mtoni. Nasema tena kwa walio nyuma: hakuna hata mmoja. Tulishinda, na aliyetushindia ni huyu aliyelala hapa.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa hapa na mjini. Bwana Shen alileta mizizi ya kuchemsha, Bwana Whitcomb akatuma vidonge kutoka kwao, na kila mmoja alimpigia simu kumwuliza kama anatumia dawa za yule mwingine. "Nawatumia wote," aliwajibu. "Mkapigane humo humo tumboni." Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi jioni, kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Ameacha watoto watatu: Nsofwa, Limbikani na Chola; mimi wa nne, ambaye hakuwahi kunitenga; wajukuu kumi na mmoja; na vitukuu wawili. Ameacha pia watani: Bwana Shen, na Bwana Whitcomb aliyetua jana kwa ndege tatu na bado anabishana na mwenzake nani ashike upande wa kulia.

Mstari unaofuata haumo katika karatasi mlizo nazo, nimeuandika kwa kalamu. Asubuhi hii jeneza lilipofika katikati ya daraja, baiskeli ya wagonjwa ilitokea mbele yetu ikiwa na mjamzito. Tulisimama, tukajibana kwenye ukingo wa daraja, msafara mzima pamoja na marehemu, tukawapisha. Nesi ameniletea habari nikiwa nimekaa hapo kwenye benchi. Amejifungua saa tatu na dakika arobaini, mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja.

Pumzika, Mama. Mama yake yu mzima.