Fundi Jicho na Uzi Wake Mwekundu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushona mashuka, mapazia na makoti ya hospitali hii, fundi cherehani wetu, Fundi Jicho, anastaafu Ijumaa tarehe thelathini. Cherehani imeshukuru kabla yetu.

Jina hilo alijipa mwenyewe. Futi ya kupimia aliiita fimbo ya vipofu. Yeye alikutazama mara moja tu, akakata. Ndiyo maana koti la dokta wa macho lilitoka na mkono mmoja mfupi, na matroni akapata gauni la kumtosha yeye na dada yake. Ukilalamika, anakuambia mwili wako ndio haukunyooka. Na kila alichomaliza alikitia uzi mwekundu pembeni, dunia ijue nani kashona.

Mtoto wa jicho alipomwingia, alikana. Balbu ndiyo mbovu, dirisha ndilo chafu, sindano za siku hizi hazina matundu! Mkewe alimkokota kwa dokta siku alipoipigia shikamoo sanamu ya duka la nguo, akanuna haikuitikia.

Akawekewa lenzi mpya za bandia, zile za kuona mbali na karibu bila miwani. Zina vituko vyake: usiku kila taa anaiona imevaa pete. Lakini mchana, loo, hata kope ya nzi haimpiti.

Bandeji ya jicho la kwanza ilipofunguliwa, hakumtazama mkewe wala herufi za ukutani. Alilivuta shuka alilojifunika hadi puani, akafyonya, akauliza wodi nzima ni punda gani kashona pindo lile. Sista, bila huruma, akamgeuzia pembe. Uzi mwekundu! Sisi wa dobi, tuliokuja kukusanya nguo chafu, tulicheka hadi tukafukuzwa. Bwana mkubwa akajifunika gubigubi, kwa shuka lilelile.

Tangu hapo hatujastarehe. Amefumua na kushona upya kila shuka, mengine wagonjwa wakiwa bado wamelala juu yake. Kila pembe anang'oa uzi mwekundu na harudishi mwingine, anasema hastahili. Aliomba aongezewe muda amalize, ofisi ikakataa, lakini kamaliza hivyohivyo. Limebaki koti la dokta, na dokta amegoma kulitoa: bega lake limeshazoea kuinama upande mmoja.

Tazama upuuzi huo. Alipokuwa anaharibu, alitia sahihi kama sultani. Leo mapindo yamenyooka hadi wapiga pasi hatuna kazi, ndipo anaona haya!

Haya Fundi, ahsante kwa mashuka, hata yale ya zamani. Yalituchekesha, na hakuna mgonjwa aliyelala bila kufunikwa. Mfuko wa zawadi yako tumeushona wenyewe, sisi wa dobi. Umepinda, bwana, tena makusudi, na safari hii utauona. Kaufumue nyumbani, uunyooshe, kisha pembeni urudishe uzi wako mwekundu. Ustaafu kwa raha, wewe na mama watoto, na sanamu za madukani ziitikie salamu zako.