Bi Gerlinde Wübbena, Aliyewaombea Vitanda Wageni wa Osterwarf

Tarehe 30 Septemba 2019, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi Gerlinde Wübbena anakabidhi funguo za Makumbusho ya Kambi ya Osterwarf. Anastaafu akiwa mzima wa afya, mwepesi wa miguu, na mzito wa kusikia neno "haiwezekani".

Aliajiriwa mwaka 1986 kama mhudumu wa ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, na katika kijiji chetu hiki cha kaskazini mwa Ujerumani hakuna aliyependa kuitaja kambi. Watu walijua, ila walinyamaza. Vuli ya 1944 Wanazi walileta hapa wafungwa kutoka Poland, Uholanzi na Ufaransa, wakawachimbisha mahandaki ya kuzuia vifaru katika udongo uliojaa maji. Kambi haikudumu hata miezi mitatu, lakini zaidi ya watu mia moja na hamsini walikufa kwa njaa, baridi na kuhara. Wamelala kando ya ukuta wa kanisa letu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapokea manusura tisa waliokuwa wakirudi kwa mara ya kwanza. Mwenye nyumba ya wageni alidai vyumba vimejaa, ilhali funguo zote zilining'inia ukutani nyuma yake. Bi Gerlinde akapanda baiskeli, akaenda akibisha mlango hadi mlango. Wengi walimfungia. Mzee Habbo Eilts, mfugaji wa ng'ombe, alimwambia pale kizingitini, "Hayo mambo yaache yalale."

"Wanaotaka kulala ni watu, Bwana Eilts. Na wewe una vitanda viwili vitupu."

Akampa kimoja. Mgeni wake akawa Bwana Bogumił Szczerba, seremala wa Tarnów huko Poland, aliyeletwa Osterwarf akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa, kwetu hapa, mgeni asipotia kijiko ndani ya kikombe huendelea kumiminiwa chai. Bwana Szczerba hakujua. Kwa adabu akawa anakunywa, na kwa adabu Mzee Habbo akawa anamimina. Bi Gerlinde alipopita kuwajulia hali, birika la tatu lilikuwa mezani na mgeni amekwisha kubadilika rangi. Akakitumbukiza kijiko mwenyewe. Wanaume wale wawili walicheka mpaka mbwa akabweka.

Kicheko kilipotulia, Mzee Habbo alisema jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kulisikia. Akiwa kijana alisimama dirishani akiwatazama wafungwa wakirudi jioni wamebeba wafu wao, mama yake akavuta pazia.

"Tuliliona likisogea," alisema Bwana Szczerba kwa Kijerumani chake cha kambini. "Miaka yote nimetaka kuuliza kama mtu wa nyuma ya pazia alituona."

"Niliwaona," alijibu Mzee Habbo.

Habari ile ilizunguka kijiji kizima. Mwaka uliofuata vitanda vilizidi wageni, na baadaye majirani walifikia hatua ya kununiana wakigombea nani apewe nani. Hata mwenye nyumba ya wageni alikuja kuomba mgeni wake. Bi Gerlinde alimjibu kwa upole kwamba nafasi zimejaa, awahi mwakani. Aliwahi.

Hatuwezi kumaliza sifa zake. Ndiye aliyepigania kibao cha barabarani cha kuelekeza makumbusho, na ndiye aliyewafundisha wanafunzi wetu kutamka majina ya marehemu wa Kipolandi bila kuyavunja. Keki zake tunazisamehe.

Bwana Szczerba alirudi kila vuli hadi nguvu zilipomwishia. Alipofariki, Mzee Habbo, ambaye alikuwa hajawahi kutoka nje ya nchi, alisafiri hadi Tarnów kumzika. Mwezi ujao wa Oktoba ukoo wa Szczerba umemwalika Bi Gerlinde. Aliuliza aje na mashuka mangapi. Wamemwambia aje mikono mitupu.

Asante, Bi Gerlinde, kwa kila mlango uliobisha. Tunakutakia maisha mema na usingizi mnono, safari hii katika kitanda ulichotandikiwa na wengine.