Herufi ya Hazel

"Mjukuu wetu atasema 'heich', kama baba yake!" Dervla, bibi mzaa baba, alifoka ndani ya basi.

"Atasema 'eich'," alijibu Hazel, bibi mzaa mama. "Jina langu linaanza na hiyo H, mkwe. Utanifundisha nini?"

Mtoto mwenyewe ana wiki tatu, jino hana. Lakini hapa Belfast herufi hiyo moja hutaja kanisa la mtu, 'heich' Mkatoliki, 'eich' Mprotestanti, na upande ambao babu zake walikuwa nchi ilipogawanywa mara mbili. Mimi, abiria tu wa kiti cha nyuma yao, nilipaswa kushuka kituo kilichopita; nikaghairi.

"Wenzangu wameniambia nikivuka ukuta unaotenganisha mitaa yetu kwenda kwenu nisirudi," Hazel akasema. "Kaka yangu aliuawa huko, nami sijakanyaga tangu siku hiyo. Leo nakwenda kumpakata mtoto. Nitavuka, nitarudi kwangu, na 'eich' atasema."

"Thubutu!"

Basi likasimama kwenye lango la ukuta. Hazel akashuka wa kwanza, mkoba kifuani, akasimama mbele ya lango. Dervla akamshika mkono.

"Haya, pita, mkwe, twende ndani ukale. Nimepika kondoo na viazi. Hiyo herufi yako tutaigombania mezani."