Babu Aliyeitikia Jina la Vhezya

Marehemu Mzee Pangihutan Siahaan alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kitongoji chetu hiki cha Lumban Pinasa, nje kidogo ya Balige, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Gayus Siahaan na Mama Saulina boru Tampubolon, yaani binti wa ukoo wa Tampubolon. Jina lake la kuzaliwa ninalitaja leo kwa sababu mchungaji amelihitaji na jiwe la kaburi limelihitaji. Siku nyingine yoyote, mjukuu ambaye angelitamka mbele yake angekiona cha moto. Kwa ajili ya wageni wetu waliotoka mbali, niseme tu kwamba kwetu mtu mzima haitwi jina lake. Akizaa, huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akipata mjukuu, huitwa Ompu, yaani babu, wa huyo mjukuu wa kwanza, na hapo ndipo anapozeekea. Mimi ninayesoma ni Togar, mjukuu wake wa pili.

Alianza shule ya msingi mwaka 1948 na kuimaliza 1954. Mwalimu wake alizoea kusema kwamba mtoto huyu angefika mbali kama angejua kunyamaza. Aliingia sekondari Balige, lakini baba yake alipofariki mwaka 1956 aliacha masomo ili wadogo zake wasome. Jambo hilo hakulilalamikia hata siku moja, ila alibaki na tabia ya kusahihisha barua za watu bila kuombwa.

Mwaka 1961 alikwenda Pematangsiantar kujifunza ufundi wa injini za dizeli. Alirudi mwaka 1966 na injini kuukuu aliyoinunua kipande kipande, akafungua mashine ya kukoboa mpunga hapo njiani, chini ya kanisa. Aliiendesha kwa zaidi ya miaka hamsini. Kelele za mashine ile mnazijua. Mke na mume waliogombana wakileta mpunga pale, hakuna aliyemsikia mwenzake, na wakati mchele umekwisha kutoka hasira nazo zimekwisha. Yeye mwenyewe aliongea kwa kupiga kelele hadi mwisho, hata kwenye sala. Jioni alicheza sataranji kwenye kibanda cha kahawa, na alikuwa mbishi. Akishindwa alisema ubao umeinama.

Tarehe 22 Julai 1967 alifunga ndoa na Rumondang boru Pardede, nyanya yangu. Walijaliwa watoto watatu: Sahat, ambaye ndiye baba yangu, kisha Tiodor na Marolop. Tangu mwaka 1969 alipozaliwa Sahat, marehemu akawa Baba Sahat. Nyanya alifariki mwaka 1994, kabla mtoto yeyote hajaoa wala kuolewa. Hilo lilimuuma sana marehemu. Alisema waziwazi pale kaburini, "Mama yenu kaondoka akiwa Mama Sahat tu, hakuwahi kuwa nyanya wa mtu." Kuanzia hapo alimwandama baba yangu kama deni, kila barua ikiuliza ataoa lini.

Baba alimwoa mama yangu, Lamria boru Marpaung, mwaka 1996, na wakaenda kufanya kazi kiwandani Batam. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alizaliwa tarehe 2 Juni 1997. Jina alilichagua mama. Darasani kwao walikuwa Lamria wanne, akiitwa mmoja wanageuka wote, na mwenye kosa hajulikani. Alitaka mwanawe awe na jina ambalo likiitwa hageuki mwingine duniani. Akakaa nalo tumboni miezi yote tisa, akilipanga herufi, akilijaribu kwa sauti jikoni. Baba akapiga simu kwenye kibanda cha simu cha Balige, ambako marehemu alikuwa ameketi akingoja tangu asubuhi na shati lake la kanisani.

"Anaitwa nani?"

"Vhezya, Baba."

"Pejia?"

"Vhezya. Vi, hechi, e, zedi, wai, a."

"Hiyo hechi inafanya kazi gani?"

"Haitamkwi, Baba."

"Kumbe ipo tu. Kama Marolop."

Baba mdogo Marolop yupo hapa mbele na anacheka, kwa hiyo nadhani ameshasamehe.

"Tukitaka tunaweza kulibadilisha," baba akasema. "Maana ndilo litakalokuwa lako pia, na najua ndimi za huko."

"Mama yake kasema ndilo?"

"Ndiyo."

"Basi ndilo. Nani kakuuliza wewe?"

Alichinja nguruwe, akaalika ukoo mzima. Sasa, ndimi za wazee wetu hazijazaliwa na v wala z. Msemaji wa ukoo alisimama kutangaza jina jipya la marehemu, akajaribu mara ya kwanza, akajaribu tena, kisha akasema, "Ompu Bejia, basi, Mungu anajua namaanisha nini." Watu walicheka hadi supu ikapoa. Marehemu alicheka kuliko wote. Wanaokumbuka siku ile wanasema hawakuwahi kumwona mwenye furaha vile.

Vhezya hakufikisha wiki tatu. Ulikuwa moyo. Alizikwa Batam, na kijiji hiki hakukiona.

Wazee walimwendea marehemu kwa upole, kama ilivyo desturi, wakamwambia alirudishe jina. Mtoto hajabatizwa, hajabebwa na yeyote wa hapa. Arudi kuwa Baba Sahat na angoje jingine. Akawaambia atafikiri. Mwaka 2000 nikazaliwa mimi, mvulana, tena na jina ambalo hata mlevi hulitamka bila kujikwaa. Wazee wakaja tena, safari hii na samaki wa kupikwa kwa viungo.

"Ompu Togar," wakasema. "Sikia lilivyonyooka! Hilo ndilo jina la babu."

"Togar ni wa pili," marehemu akajibu.

"Wa kwanza hayupo, ndugu yetu."

"Mimi ni mtoto wa nne. Kaka zangu wawili walikufa wachanga. Mliwahi kuniita wa pili?"

Samaki aliliwa, lakini jina halikubadilika. Nakiri kwamba nilipokuwa mtoto nilimwonea wivu dada yangu. Babu za wenzangu wote walibeba majina ya wajukuu wanaocheza nao, na wa kwangu alibeba la mtu ambaye sijamwona. Wazazi wangu wao walikwishachagua njia yao: walikuwa Baba Togar na Mama Togar, na jina la Vhezya halikutajwa nyumbani kwetu.

Mwaka 2001 wazazi walirudi kuishi hapa, nyumba ya pili kutoka ya marehemu. Na pale mashineni, kutwa, watu waliita juu ya kelele za injini: "Ompu Pesia! Ompu Bejia! Gunia langu limeisha?" Mama alisikia kila mara. Alivumilia mavuno ya kwanza. Mavuno ya pili hakuweza.

Mnajua mkaza mwana na baba mkwe hawasemezani. Maneno hupitishwa kwa mtu, na asipokuwepo mtu, kwa chochote kilichopo: mlango, ukuta, hata paka. Jumamosi moja mchana mama aliingia nyumbani kwa marehemu, akaketi chini karibu na mlango, akageuza uso kwenye nguzo ya katikati. Shangazi Tiodor alikuwa jikoni na angeweza kubeba ujumbe, lakini alipoona uso wa mama alijifanya amepaliwa na moshi, akabaki hukohuko. Yeye ndiye aliyetusimulia.

"Ewe nguzo," mama akasema, "mwambie Baba Mkwe nimechoka."

"Nguzo, muulize amechoshwa na nini. Kama ni mpunga, Marolop yupo."

"Mwambie si mpunga. Ni jina. Kila gunia likifika pale, mtu anamwita mwanangu kwa kelele. Mwanangu nimemzika kule. Hapa anaitwa kutwa, na haji."

Marehemu aliweka chini glasi yake ya kahawa. Shangazi anasema ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba yake akiongea bila kupiga kelele.

"Nguzo, mwambie neno lake linatosha. Akisema niache, kesho kanisani nitasimama niwatangazie mimi ni Ompu Togar, na atakayeniita vingine simkoboi mpunga. Lakini mwambie na hili. Mtoto yule hakusoma, hakupata rafiki, hakugombana na mtu. Hana aliyemkopesha wala aliyemkosea. Wakiacha kuniita mimi, nani mwingine atakuwa na sababu ya kulitaja jina lake?"

Mama alilia, na marehemu alimwacha alie. Hakumwambia nyamaza. Kisha mama akajifuta kwa kanga ya mabegani.

"Nguzo, mwambie basi wanalikosea."

"Wanalikosea vipi?"

"Wanasema Pesia, wanasema Bejia. Mwanangu si Pesia. Mwambie meno ya juu yakalie mdomo wa chini, halafu atoe pumzi. Na hiyo zedi ni ya nyuki."

"Nguzo, mwambie aseme tena. Polepole, mimi ni mzee."

Walikaa pale hadi mpunga wa jikoni ukaungua, mama akiifundisha nguzo na marehemu akiijibu nguzo, kidole mdomoni. Marehemu alitoka pale jina analo.

Kilichofuata mlikiona wenyewe. Alikuwa hawashi mashine mpaka mwenye gunia alitamke jina sawasawa. Watoto walilipata siku ileile. Watu wazima waliteseka. Mama Poltak, Mungu amrehemu, alimfokea mbele ya foleni nzima: "Ompu, mimi meno ya juu sina hata moja! Hiyo vi niikalishe wapi?" Marehemu akatangaza kuwa vibogoyo wamesamehewa, na ikasemekana kwamba wiki ile watu kadhaa walificha meno. Mchungaji mgeni aliyemsoma "Ompu Vehezia" kwenye matangazo alisimamishwa mlangoni baada ya ibada, akarudi ndani kurekebisha. Mama alikuwa amesimama uani na kikapu. Alicheka, na baba anasema hakuwa ameusikia mcheko huo tangu Batam.

Mwezi Juni mwaka huu wa 2023 marehemu alipatwa na kiharusi. Alilazwa hospitali, amelala kwa ubavu, uso ukutani. Wauguzi walimwita kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi zao, Mzee Pangihutan, mara nyingi na kwa heshima zote. Hakutikisika. Baba alimwita, shangazi alimwita, mimi nilimwita "Ompung", kama wajukuu wanavyomwita babu. Daktari alituambia tusitarajie mengi, huenda hasikii tena. Mama alikuwa mlangoni, mahali anapokaa mkaza mwana. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameishi jirani na mtu huyu, amempikia, amemfulia, na hajawahi kumsemesha hata neno moja la ana kwa ana.

Aliingia. Hakuna aliyemzuia. Alisimama kando ya kitanda akasema, "Ompu Vhezya."

Akasogea karibu zaidi.

"Ompu Vhezya, ni mimi. Ni mama yake."

Marehemu aligeuza kichwa. Alimwangalia, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu hata katika hali ile, macho yake yakahama yakatafuta, yakakiona chuma cha kutundikia dripu. Akakiambia, kwa sauti ya kukwaruza lakini bila kukosea, "Mwambie nimesikia."

Alirudishwa nyumbani, akaishi wiki nyingine chache. Aliongea kidogo, zaidi kuomba maji na kumkemea Marolop. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2023, watoto wake wote wakiwa wamemzunguka, kila mmoja akiwa na nyumba yake na watoto wake. Ni kifo ambacho wazee wetu hukiombea.

Jana, wazee walipoketi kando ya jeneza kupanga mazishi, mama aliomba ruhusa ya kusema. Akawaambia, "Nimeitwa Mama Togar tangu huyu kijana azaliwe. Togar sasa ni mkubwa, ana jina lake na ana mdomo wa kulisema. Kuanzia kesho hakuna tena Ompu Vhezya wa kuitwa. Mimi niiteni Mama Vhezya."

Mzee mmoja alimuuliza kwa upole kama ataweza.

"Niiteni tu," mama akasema. "Nitaitika."

Baba alipoulizwa naye aitwe nani, alijibu kwamba anamfuata mkewe, kama kawaida yake. Mimi nimeulizwa kama naona vibaya. Sioni vibaya.

Marehemu ametanguliwa na mkewe, Rumondang boru Pardede. Ameacha watoto watatu: Tiodor na mumewe, Marolop na mkewe, na Sahat na mkewe Lamria boru Marpaung, ambao mtakapowapa mkono wa pole leo tafadhali muwaite Baba Vhezya na Mama Vhezya. Ana wajukuu tisa. Mchapaji wa ratiba ya ibada hii alitupigia simu kusema amehesabu walio hai akapata wanane. Tulimwambia aache tisa.

Mungu ampokee Ompu wetu, apumzike kwa amani. Jina limebaki na mama yake.