Rali ni Kona, Fundi

Mwalimu wa hesabu alikuwa akisahihisha madaftari ndani ya basi, lakini masikio yake yalishahamia kiti cha mbele, kwa dereva wa ambulansi na fundi magari ambao nusu saa iliyopita hawakujuana hata kwa salamu. Dereva huyo, dada, alitaka gari la kuingilia mbio za rali; ameona mawili yanayouzwa, kubwa na dogo, na akiba yake ilitosha moja tu.

"Chukua lile lenye turbo," fundi alisema. "Hako kadogo utashindana na nani, mkokoteni?"

"Kadogo kananibakizia hela ya kofia, mkanda na vyuma vya kukinga paa. Hilo lako litanibakizia sala tu."

"Rali ni injini, dada!"

"Rali ni kona, fundi." Akafumba macho. "Kulia, kali. Tuta. Kushoto ndefu, inabana mwishoni. Usikate ndani, pana jiwe."

Basi likapinda kulia, likaruka tuta, likaingia kushoto, likabana. Jiwe lilikuwepo, limekaa kama lililoitwa. Hata mtoto aliyelia tangu stendi alisahau kilichomliza.

"Umejuaje?" fundi akanong'ona.

"Miaka kumi nawapitisha wagonjwa hapa. Kila kona naijua kwa kilio chao."

Basi likasimama. Dada akashuka, na fundi akashuka nyuma yake, vituo viwili kabla ya kituo chake mwenyewe.

"Lakini injini, dada..."

"Lakini shingo, fundi!"

Mwalimu akatazama daftari la mtoto wa watu. Kalamu nyekundu ilikuwa imechora barabara nzima juu ya jibu sahihi, pamoja na jiwe.