Mama Usichane Aaga Chumba cha Michoro

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa ya kutoka kazini, Mama Usichane atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na tisa katika chumba cha michoro cha kiwanda chetu cha vitambaa. Alibakiza miaka miwili tu afikie umri wa kustaafu. Anaondoka mapema kwa sababu macho yamemwangusha. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, lakini siahidi.

Alianza kama mnakili, kazi ya kuhamisha michoro ya wengine kwenye karatasi kubwa za kiwandani, akapanda hadi kuwa mkuu wa wabunifu. Njiani alilea watoto watatu, akamzika mume, na akavunja viti viwili kwa tabia yake ya kuvibinua nyuma akiwa anawaza. Jina la utani alijitafutia mwenyewe. Kila mbunifu alikuwa na daftari lake la michoro, na ole wake aliyeonekana ananyofoa ukurasa. "Usichane!" ilisikika hadi getini.

Mgeni akija na daftari jipya, Mama alimnyang'anya, akalifungua ukurasa wa kwanza na kuliweka sakafuni mlangoni wakati wa chai. Wote tulitakiwa kulikanyaga tukipita. Alisema karatasi safi inamtia mtu woga, na mwenye woga huchora kile anachokijua tu. Bora ichafuke mapema, kazi ianze. Meneja wetu, mtu wa adabu zake, siku ya kwanza alikataa katakata kukanyaga mali ya mtu. Akazunguka mlango wa nyuma, unaopitia chumba cha rangi, akatokea viatu vyake vipya vimelowa rangi ya buluu hadi kwenye kamba. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi daftari langu lilipokwisha kukanyagwa, aliniwekea mezani kitunguu kilichokatwa katikati. Nikachora kitu ambacho wenzangu walikiita tairi. Nilipotaka kuchana, akaushika mkono wangu. "Tairi likae hapo hapo, mwanangu," akasema. "Fungua ukurasa mwingine ukichore tena, ila nusu tu." Kesho yake akataka miduara ya ndani peke yake. Kisha miduara inayogusana. Kisha nafasi zilizobaki kati ya miduara, kitunguu chenyewe kimeshaoza. Nilikasirika, nikalia kidogo, na safari hiyo kitunguu hakikuhusika. Wiki zikapita nikigeuza kurasa mbele na nyuma, nikiokota mstari huku na pembe kule, mpaka nikaelewa alichokuwa ananifundisha. Wazo haliji limekamilika. Unalilea ukurasa kwa ukurasa, na ule uliouonea aibu unaweza kuwa ndio unaokudai urudi. Miduara ile ikazaa kitambaa kinachochapwa mpaka leo. Ukikichunguza vizuri, tairi langu limo.

Mwaka jana Mama alianza kutuangalia kwa upande. Tukadhani ametununia, kila mtu akawa anajiuliza kakosea wapi. Kumbe katikati ya macho yake kumeingia kivuli: anachokitazama ndicho asichokiona, na kinachobaki ni cha pembeni. Ili auone uso wako, ilibidi atazame bega lako. Daktari wa macho alimwambia kivuli hicho hakiondoki. Akaendelea kuja kazini, binti yake mkubwa akimshika mkono kwenye ngazi, na rangi akawa anatuuliza kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie. Inauma kuyaandika haya. Mtu aliyetufundisha kutazama ndiye aliyetuuliza kama kitambaa kilicho mbele yake ni kijani.

Mwezi uliopita aligawa penseli zake zote. Daftari lake la mwisho limeishia katikati. Tulipomuuliza atalimaliza lini, alisema amekwisha kuchora, tusimsumbue, akageuza mazungumzo kwa kuulizia habari za mafuriko ya wiki ile. Binti yake anatuambia kwamba nyumbani anakaa mikono ikiwa mapajani. Sisi hatujawahi kuiona mikono ile imetulia. Kuondoka kwake tungekuzoea pole pole, lakini hilo limetushinda.

Basi tumekununulia daftari, Mama. Ni kubwa kama sinia, karatasi zake nene, na tumeweka na vipande vya mkaa wa kuchorea, vile vinene vinavyoacha mstari wa kufuatwa hata kwa kidole. Leo wakati wa chai lilikuwa mlangoni, limefunguliwa ukurasa wa kwanza. Wamepita mpishi, mlinzi, dereva, akina dada wa mashine. Meneja alipita wa mwisho. Safari hii alianzia chumba cha rangi kwa makusudi, akaacha nyayo mbili za buluu.

Asante kwa kila ukurasa uliouokoa mikononi mwetu. Tunakuombea siku za raha, wajukuu wasumbufu kiasi, na viti vigumu kuvunjika. Ukurasa wa kwanza tumeshakuchafulia. Tazama pembeni kidogo, utatuona sote. Usichane, Mama. Fungua wa pili.