Nani Anafua Shuka Huko Angani?

Mchungaji, wazee wetu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Karatasi niliyokabidhiwa jana na mjomba, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ilisema tu kwamba marehemu "alipenda kutazama filamu", na mjomba, shikamoo, nakuheshimu kama baba, lakini mama angeinuka humo alimolala kuusahihisha mstari huo, kwa hiyo nitasoma niliyoandika mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, na alipofika darasa la sita mwalimu wa jiografia alimwazima kitabu kisicho na jalada, kinachosimulia watu waliohamia chini ya barafu ya mwezi wa mbali, akakisoma mara tatu, kisha akamrudishia mwalimu na kumwambia kwamba mwandishi ni mwongo, si kwa ajili ya huo mwezi, huo aliuamini, bali kwa sababu watu wote wale wameishi humo miaka kumi na hakuna hata mmoja aliyefua nguo. Mwalimu alimwazima kingine, na tangu siku hiyo hadi anafumba macho hadithi za kubuni za kisayansi, ziwe za kusoma, za televisheni au za sinema, ndizo zilizokuwa chumvi ya maisha yake.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akaanzia kwenye pasi, akapanda hadi usimamizi, akastaafu mwaka 2011. Wenzake wa chumba kile, ambao leo wamekaa safu ya pili, ndio waliomwita Mama Sayari, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mapenzi, kwa sababu aliwasimulia hadithi hizo ndani ya mvuke huku wakikunja shuka, na kila chombo cha angani kilipong'ara mno aliuliza, "Nani anafua shuka huko?", na asipopata jibu alisema mtunzi huyo hajawahi kufua hata leso yake.

Alikuwa na msimamo, wala hakuomba radhi kwa ajili yake. Alichukia hadithi za kurudi nyuma ya wakati ili kufuta kosa, akisema huo ni ujanja wa mtunzi aliyejikwaa, alichukia mashine zinazolia machozi, na alishangaa jinsi wavamizi wa angani wanavyosafiri miaka elfu na kutua kila mara katika mji uleule wa matajiri, "hata siku moja hawajapotea njia?" Alisema sinema ina pesa na haina subira, televisheni ina subira na haina pesa, ila kitabu kinazidi vyote, kwa maana jua likilipuka kitabuni hakuna anayedaiwa.

Baba yetu alikuwa fundi wa televisheni, aliitwa kuitengeneza ya nyumbani kwao marehemu, akaambiwa amalize kabla ya kipindi kuanza, akachelewa, na ubaya zaidi akakaa kutazama na kusema hadithi ile haina kichwa wala miguu, wakabishana hadi kipindi kikaisha bila wao kukiona. Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1976, wakajaliwa watoto watatu, dada, kaka na mimi, na ubishi ule haukukoma mpaka baba alipofariki mwaka 2004.

Mwaka 1988 marehemu alitunga hadithi yake mwenyewe, ya wanawake wanaofua nguo za mji mzima juu ya mwezi na siku moja wanagoma, akaipeleka kituo cha redio, na mtayarishaji wa vipindi akamwambia, "Mama, umeandika vizuri, lakini mambo haya si ya watu wetu." Mama alimjibu, "Kumbe miaka mia ijayo watu wetu hawatakuwepo? Mmewazika lini, mbona hatukualikwa matangani?" Hadithi haikurushwa. Jioni ile alirudi nyumbani amevimba macho, nilimwona, nilikuwa na miaka saba, akanawa uso, akagonga milango ya majirani, akawasomea hadithi yote sebuleni kwetu, na hivyo ndivyo zilivyoanza Jumamosi za Mama Sayari, ambazo wengi wenu mlizijia na viti vyenu, na sheria ilikuwa moja, mtu anaweza kusema "sijaamini", lakini hakuna ruhusa ya kusema "haiwezekani".

Baba alipofariki, walikuja kina mama watano kumwonya kwamba si vema mjane kushinda na mapepo ya kwenye runinga. Aliwapa viti, akawasha runinga, na watatu kati yao hawakukosa Jumamosi tena.

Alianza kusumbuliwa na mapafu mwaka 2018. Wodini mjomba alimsihi aachane na mambo hayo ajiandae na safari, naye akasema, "Kaka, nimemwamini Mungu maisha yangu yote, ndiyo maana siamini kwamba aliumba nyota zote zile zikae bure." Mchungaji alicheka, mjomba hakucheka. Jumatano tarehe 14 Agosti 2019, mchana, kaka alikuwa amemshikia simu atazame sehemu ya mwisho ya mfululizo alioufuata miaka mingi, mama akaisukuma kando taratibu na kusema, "Zima, mwisho nitautunga mwenyewe," akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wa chumba cha kufulia, ambao jana waliifua kwa mikono yao sanda aliyovaa. Kwa wale waliomcheka, familia haina kinyongo, mlango wetu uko wazi, na Jumamosi ijayo runinga itawaka kama kawaida.

Mama, pumzika kwa amani, na ukichoka kupumzika, endelea na safari.